Siku tatu Mafia na Mzee wa Kesho

JAMANI wenzangu, leo nakuja kwenu na haya usoni. Wale mnaonisoma kila wiki mnakumbuka kwamba mwezi Oktoba niliandika hapa hapa jinsi ya kumpeleka laazizi wako ufukweni wikiendi moja, mkapunga upepo, mkala pweza wa nazi, mkarudi mjini mmependana upya. Nilipanga maneno hayo utadhani nimezaliwa juu ya mchanga. Basi msomaji mmoja wa Tandika akaniuliza swali dogo tu: "Dada, wewe mwenyewe ulishawahi kwenda?"

Mie! Nilikuwa sijawahi kufika hata Bagamoyo na mwanamume. Yale yote niliyaokota kwa mashoga zangu, nikayatia chumvi na ndimu, nikawapakulia. Swali la yule kaka likanikaa rohoni kama mwiba wa changu. Nikasema potelea mbali, safari hii nakwenda mwenyewe, nikirudi nitaandika nilichokiona.

Tena nilikuwa na sababu nyingine. Hii sikuipanga kuiandika, lakini nikiificha habari yote itakuwa haina kichwa.

Nina mwenzangu, fundi wa mafriji, mwaka wa nne sasa. Mpole, hanywi, mikono yake haijawahi kunigusa kwa hasira. Ila ana ugonjwa mmoja. Ukimuuliza lini atapeleka watu nyumbani na barua ya posa, jibu lake ni kesho. Si hapana, wala si ndiyo. Kesho. Mimi na mashoga zangu tumemwita Mzee wa Kesho, na mwenyewe jina analijua, anacheka. Sasa mwaka huu mama yangu amechoka kucheka. Kuna mgane mmoja muuza vifaa vya ujenzi, mtu wa heshima zake, ameshatuma washenga mara mbili. Mama akaniita jikoni, akaniambia bila kupandisha sauti: "Mwanangu, mwaka huu usiishe sijajua wewe ni wa nani." Mwaka wenyewe ulikuwa umebakiza wiki saba.

Nikapiga hesabu zangu. Mjini simpati. Kibandani kwake kila dakika kuna mtu na friji lake, simu inalia, vumbi, makelele. Nikimtoa nikampeleka mahali ambapo maji yamezunguka pande zote, siku tatu, atakimbilia wapi? Ndipo nikaichagua Mafia.

Mtauliza kwa nini si Unguja. Unguja kila mtu anakwenda, na kila mtu anayekwenda anakutana na mtu wa mtaani kwake. Mafia iko Mkoa wa Pwani, iko karibu, na wengi wetu wa Dar hatujui hata boti zake zinaondokea wapi. Nikajiona mjanja. Subirini.

Habari ya pesa kwanza, maana mapenzi ya njaa hayana ladha. Ukitaka kwenda kifalme, kuna ndege ndogo kutoka Dar, unaruka kama nusu saa hivi unatua Kilindoni, ambao ndio mji mkuu wa kisiwa. Na ukitaka kulala kifalme, hoteli nzuri ziko upande wa mashariki, Utende, zinatazama ghuba ya Chole. Nikapiga simu hoteli mojawapo. Dada wa mapokezi akanitajia bei kwa dola, usiku mmoja, mtu mmoja. Nikamwomba arudie. Akarudia, sauti ileile tamu. Nikamshukuru, nikakata, nikakaa kitako. Mie nalipwa kwa makala, na kwa bei ile ningeandika mpaka vidole viote sugu ndipo nilale pale usiku mmoja. Na fundi mafriji naye ndiyo hivyo tena.

Kwa hiyo tukaenda kwa njia ya wananchi. Magari ya Nyamisati hupakia Mbagala Rangi Tatu, mnapita Mkuranga, mnafika Bungu, hapo mnaiacha barabara kuu ya kusini mnakata kushoto kuelekea baharini. Nyamisati yenyewe ni gati ndani ya mikoko, ile mikoko ya delta ya Rufiji. Hapo mnapanda boti au kivuko, masaa kama manne hivi majini kutegemea chombo na bahari, mnaibukia Kilindoni. Bajeti yangu yote ilikuwa laki nne na nusu: jasho la makala tisa, pamoja na laki moja aliyotoa Mzee wa Kesho. Na hiyo laki alitoa siku ileile niliyomwomba! Nilishtuka hata nikaihesabu mara mbili.

Sasa nisikilizeni vizuri, hapa ndipo nilipokosea, na msije mkarudia. Nilipanga safari kwa kalenda ya ukutani. Ijumaa kwenda, Jumapili kurudi, Jumatatu kazini. Kumbe safari za kule hupangwa kwa kalenda ya maji. Boti za Nyamisati hufuata maji kujaa na kupwa, leo zikiondoka asubuhi, siku nyingine zinaondoka saa usiyoitegemea. Na si boti tu, kila raha ya Mafia ina saa yake ya maji. Fungu la mchanga mnalotaka kwenda kukalia wawili huonekana maji yakipwa, yakijaa linazama na mikeka yenu. Magofu ya Kua hufikiki kwa mtumbwi mpaka maji yajae. Siku za bamvu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hutoka mbali kabisa na kurudi kwa nguvu. Siku za maji mafu yanatikisika tu kidogo. Kwa hiyo kabla hujamwambia laazizi tarehe, tazama mwezi. Najua nasema kama mshairi, lakini ni habari ya usafiri.

Na majira nayo. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, achaneni nayo, mtakaa gesti mnahesabu matone kwenye bati. Kusi ikivuma kuanzia Juni, bahari ya kuvukia huchafuka, mwenye tumbo jepesi atajuta. Sisi tulikwenda Novemba, mvua za vuli zilikuwa za kupita tu, bahari imelala. Tena Oktoba mpaka Februari au Machi ndiyo miezi ya papa potwe, nitawaeleza. Jambo moja zaidi, kila mmoja wenu avae boya kabla chombo hakijang'oa nanga. Mkiambiwa kuna jahazi la mizigo linaondoka sasa hivi kwa bei poa, semeni ahsante, mkakae kivulini kusubiri boti.

Nyumbani nilimwambia mama nakwenda kwenye kichen pati Kibaha, nitalala huko kwa wenzangu. Mama akanitazama, akaendelea kuchambua mchele.

Ndani ya boti nikakaa dirishani, yeye katikati, na upande wake wa pili akaja bibi mmoja na baibui lake, kapu miguuni. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba wajukuu zangu. Hatujatoka hata kwenye mikoko akauliza: "Mjukuu wangu, huyu ndiye mumeo?"

Sasa ningejibuje? Boti nzima imesikia swali. Nikasema, "Ndiyo, bibi." Mzee wa Kesho akakohoa, akatazama viatu vyake. Bibi akafurahi, akampiga begani: "Mume wangu mpya huyu, mzuri, umeninyang'anya!" Masaa yote yale bibi akatulisha vitumbua, akatuombea dua, akatutajia nani kamuoa nani kijijini kwao. Uongo wa neno moja ukanenepa mbele ya macho yangu. Tulipoiona minazi ya Kilindoni nilikuwa tayari nimeolewa miaka miwili, harusi ilifanyika Temeke, na mtoto tunamwomba Mungu.

Nilisahau jambo moja. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 46,438 Mafia nzima. Wameongezeka tangu hapo, lakini bado ni mahali ambapo ukikohoa Utende, Kilindoni wanakwambia pole.

Gesti tuliyofikia ilikuwa safi, neti haina tundu, feni inazunguka, elfu thelathini chumba. Mama mwenye gesti akatoa lile daftari mnalolijua, jina, kabila, kazi, utokako, uendako. Mzee wa Kesho akajaza taratibu kama anafanya mtihani. Yule mama akauliza, "Chumba kimoja, viwili?"

"Viwili," akasema.

Wenzangu, nilihisi kama nimemwagiwa ndoo ya maji. Viwili? Mwezi mzima napanga, nimedanganya mama mzazi, nimenunua na khanga mpya, mtu anasema viwili? Bajeti ikatoboka pale pale. Nikachukua ufunguo wangu bila kusema neno. Usiku ule nililala nikitazama feni, upande wa pili wa ukuta namsikia anakohoa. Nikajiambia, umejibiwa mwanangu, ulichokuja kukitafuta umeshakipata, rudi ukaolewe na simenti.

Asubuhi sikumuuliza. Kiburi changu kilikataa. Tukaenda ufukweni kwenye habari ya potwe.

Potwe ni papa, lakini papa wa amani. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, mwili una madoadoa meupe kama khanga, mdomo kama mlango wa friji, na chakula chake ni vile vidudu vidogo vya baharini na vidagaa. Hang'ati mtu. Miezi hiyo huja kula karibu kabisa na Kilindoni, wavuvi wa dagaa wanamjua siku nyingi. Mnakwenda kwa mashua na mtu anayejua kazi, mnapewa miwani na mrija, mnaambiwa sheria: usimshike, usimpande mgongoni, usimkate njia, mwache apite. Tena hapo bei mnapatana kabla, na mkiwa kundi mnachangiana inakuwa nafuu. Sisi tuliungana na vijana wanne wa chuo.

Nahodha akanyoosha kidole. Nikaona kivuli ndani ya maji, kirefu kama mita saba au nane, kinapita taratibu bila haraka na mtu. Mimi kuogelea nimejifunza Kigamboni, nikaruka. Sitaweza kuwaeleza vizuri. Niliweka uso majini, nikaona ule ubavu wa madoa ukipita na kupita na kupita, nikasahau mgane, nikasahau feni na ukuta. Jicho lake dogo likanitazama kama bibi kizee anayemtazama mtoto wa jirani.

Nilipoinua kichwa, Mzee wa Kesho alikuwa bado ameshika ubao wa mashua kwa mikono miwili. Kuogelea hajui, nilikuwa sijui kama hajui. Miaka minne! Nikamwambia, "Njoo." Nikasubiri lile neno lake. Nahodha akasema, "Kaka, boya unalo, halikuachi." Akafumba macho akajitupa kama gunia la mkaa. Akanishika mkono hata nikaona kucha zake zimebaki kwenye ngozi. Potwe wa pili akapita chini ya miguu yetu. Alipotoa mrija mdomoni alikuwa analia au ni maji ya bahari, sikuuliza.

Mchana tukaenda Utende. Ni kama kilometa 14 kwa lami, bodaboda na bajaji zipo, na kabla ya kufika kuna geti la Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia. Hii ndiyo hifadhi ya kwanza ya bahari Tanzania, ilianzishwa mwaka 1995, ina kilometa za mraba 822. Kuna kiingilio, Mtanzania analipa kidogo mno kuliko mgeni, basi bebeni kitambulisho na risiti mtunze. Hoteli za dola ziko hapo, lakini bahari haina bei. Tulikaa kwenye mchanga mbele ya macho ya wenye dola, tukanywa madafu yetu.

Kuna kisiwa kidogo cha Chole hapo mbele, mashua za abiria zinavusha watu siku nzima. Wajerumani walikuwa na makao yao pale kabla hawajahamia Kilindoni mwaka 1913, na magofu yao yamebebwa na mizizi ya miti mpaka hujui ukuta ni upi na mti ni upi. Wapenzi wanaopenda kupiga picha, hapo ndipo. Na kuna popo wakubwa ajabu, wa aina inayopatikana Komoro na Mafia tu, wananing'inia mchana kama nguo zilizoanikwa. Ila kuvaa kwenu huko vijijini kuwe kwa adabu. Nguo ya kuogelea ibaki majini, ukitoka jifunge khanga. Watu hawatakutukana, watatazama pembeni tu, na hiyo inauma zaidi.

Kisa cha Kua lazima niwape, maana kilitaka kunivunjia safari. Kua ni mji wa kale kisiwani Juani, ulikuwa na majumba ya kifalme na misikiti ya mawe. Miaka ya 1820 wakaja Wasakalava kutoka Bukini, wakauvamia, wakachukua watu utumwani, na mji haukusimama tena. Lakini wazee husimulia kisa cha zamani zaidi. Inasemekana watu wa Kisimani, mji mwingine wa Mafia, waliwaalika watu wa Kua kwenye kushusha jahazi jipya, kisha wakawalaza watoto wa Kua mchangani, jahazi likapita juu yao kwenda majini. Watu wa Kua hawakusema kitu. Wakangoja miaka. Halafu wakawaalika wa Kisimani harusini. Karamu ikafanyika kwenye chumba cha chini, chakula, ngoma, na wenyeji wakawa wanatoka mmoja mmoja kimya kimya, akabaki mzee mmoja aliyejitolea kuwachangamsha wageni. Nje mlango ukajengwa kwa mawe.

Kijana aliyetutembeza alipomaliza, sote tulikuwa kimya. Mzee wa Kesho akatupa mzaha: "Umeona? Ndiyo maana mimi harusi naziogopa."

Yeye akacheka peke yake. Mimi nikatangulia kwenye mashua. Njia nzima ya kurudi sikufungua mdomo, na mashua ya watu wawili na nahodha ni mahali padogo sana pa kununiana. Hebu fikirini wenyewe, machweo yale ya Utende, maji yamekuwa kama shaba, wapenzi wengine wangelipia dola kuyaona, na mie nimewapa mgongo.

Jumapili asubuhi tukafika gatini na mikoba yetu. Boti hakuna. Maji si yake, boti ni kesho. Nikamgeukia mwenzangu, na wallahi ilikuwa mara ya kwanza nalisikia neno lile kutoka mdomo wa mtu mwingine. Mfukoni kulibaki elfu arobaini na nauli. Vyumba viwili haviwezekani tena. Tukasimama pale sokoni kama watoto waliopotea, na nani anatokea? Bibi wa kwenye boti, na samaki wake mkononi.

"Wajukuu zangu! Nimesikia mlilala gesti. Aibu kwangu hiyo. Twendeni nyumbani."

Amesikia kutoka kwa nani? Msiniulize. Nyumba yake ya udongo na makuti, uwanja umefagiliwa mpaka unang'aa. Akatutandikia mkeka chini ya mnazi. Akapika wali wa nazi na chukuchuku ya samaki, mie nikikuna nazi pembeni yake. Tulipokula akaingia ndani akatoka na shuka nyeupe zilizotiwa udi. Akasema chumba chake mwenyewe tutalala sisi, yeye atakwenda kwa binti yake. "Shuka hizi ni za harusi yangu," akasema. "Sijampa mtu. Lakini nyie nimewapenda."

Nilitaka ardhi ipasuke. Bibi wa watu anatutolea shuka za harusi yake kwa ajili ya uongo niliousema mimi kwenye boti kwa sababu ya haya. Nikafungua mdomo. Sauti haikutoka.

Aliyesema ni yeye. Akanawa mikono, akaikausha, akasema: "Bibi, naomba unisamehe. Huyu si mke wangu. Bado sijamuoa. Ndiyo maana kule gesti nilichukua vyumba viwili, kwa sababu wewe uliwaambia watu ni mke wangu, na siku wakijua si kweli, atakayesemwa ni yeye, si mimi."

Kimya. Kuku wakatembea katikati yetu. Bibi akazikunja zile shuka, kona kwa kona, polepole, akaziweka mapajani.

"Miaka mingapi?" akauliza.

"Minne."

"Unangoja nini?"

Ndipo nikasikia nisichowahi kukisikia kwa miaka minne. Kwamba baba yake aliacha deni la mkopo, na yeye kama mkubwa analilipa kidogo kidogo tangu tukutane. Kwamba kila mwezi anasema mwezi ujao litakwisha. Kwamba aliona aibu kumpeleka mtu kwetu na barua wakati mdai anaweza kumfuata hata siku ya harusi. Kesho yake haikuwa ya kunizungusha. Alikuwa anaihesabu kweli, na kila siku ilikuwa inamkimbia.

Mie nililia. Nililia kwa hasira pia, niwe mkweli, maana deni si ukoma, angeniambia tukalipa wawili. Nikamwambia hivyo hivyo mbele ya bibi. Bibi akaniacha nimalize, akamwambia yeye: "Deni lina mwisho. Mwanamke anayekungoja naye ana mwisho." Halafu akanigeukia: "Na wewe, ulidanganya." Nikasema nisamehe bibi. Akasema, "Kuna mtu mwingine wa kumwomba msamaha, si mimi. Mama yako anajua uko wapi?"

Usiku ule nililala na bibi kitanda kimoja, yeye akalala barazani kwenye mkeka na mbu wake. Hiyo ndiyo wikiendi ya kimapenzi niliyowapangia, jamani.

Jumatatu alfajiri bibi akatutolea pakacha la nazi, kumi na mbili nilizihesabu. Nikataka kulipokea, akaniondolea mkono. Akampa yeye. "Hizi zimpelekee mama yake. Wewe. Usimpe huyu abebe."

Basi pakacha likavuka bahari mapajani mwake, likapanda gari Nyamisati, likakanyagwa na mbuzi wa watu, likafika Mbagala jioni. Mhariri ananipigia makala iko wapi, sipokei. Tulipofika kona ya kwetu nikasimama, nikamwambia, "Ukitaka, niachie hapa, utakuja siku nyingine." Nilimwachia mlango wazi kabisa. Akabadilisha pakacha bega, akatangulia.

Mama alikuwa uani. Akamwitikia shikamoo yake, akatazama nazi, akanitazama mimi.

"Kichen pati za Kibaha siku hizi wanagawa nazi?"

Nikapiga magoti nikasema yote, Mafia, boti, gesti, vyumba viwili. Kwenye vyumba viwili mama akanyanyua nyusi, akamtazama fundi kwa mara ya kwanza vizuri. Akachukua nazi moja, akaitikisa sikioni, akairudisha.

"Nazi zimepokelewa," akasema. "Na barua?"

"Jumamosi, mama."

Naandika haya Alhamisi, mhariri amenisimamia kichwani. Wa Tandika, swali lako nimelijibu: ndiyo, nimekwenda. Mnaotaka kwenda, tazameni mwezi, ongezeni siku moja juu ya mlizopanga na pesa ya siku hiyo. Bibi wa kwenye boti akiwauliza jambo, jibuni kweli.

Mama tangu Jumatatu hajaniambia neno juu ya habari hii. Ila jana jioni nimemkuta uani, anafua mapazia ya sebuleni.